Mlundalunda na mhumba: jinsi nilivyokosea kaburi la mama

Wakuu, habari za leo. Na vijana wa humu, marahaba. Hili nawaandikia kama lilivyotokea, sijaongeza chumvi.

Laiti siku ile ningekataa.

Barabara mpya ilikuwa inapita kwenye kiwanja chetu cha zamani, nje kidogo ya Nyegezi, na makaburi yalitakiwa kuhamishwa. Ya wengine yana saruji. La mama halikuwa nayo. Alizikwa nikiwa kidato cha pili, na baba alisema alama ni ule mti wa mlundalunda uliokuwa hapo kaburini.

Ukoo ukaniita kutoka Pasiansi ninakoishi, nikaonyeshe, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikakubali.

Kwa wasioijua: mlundalunda na mhumba ni miti ya jamii moja. Wakati wa kiangazi yote miwili hupukutisha majani, halafu huchanua maua ya njano kwenye matawi matupu. Ukiangalia maua tu, unapotea.

Nilikuta miwili. Mmoja mkubwa, pembeni. Mwingine katikati ya kiwanja, machipukizi membamba tu juu ya kisiki.

Nikasema ni ule mkubwa. Miaka yote hiyo, mti wa mama ungekuwaje vijiti?

Mdogo wangu Kabula, aliyebaki kuishi jirani na pale, akasita.

"Kaka, mlundalunda watu wanaubandua magome ya dawa mpaka unakauka, halafu unachipua upya. Mimi pia sina uhakika. Tusubiri mvua, miti ikitoa majani tutajua."

"Greda litasubiri majani?"

"Tukiomba muda watatupa. Au unaona aibu kuwaambia hujui?"

Wajomba wakacheka. Nikapandwa na hasira.

"Mimi nilimzika. Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni."



Tukachimba chini ya ule mkubwa. Udongo tu. Nikawaambia mifupa imeshaoza yote. Tukaufunga ule udongo kwenye shuka jeupe, tukauzika upya kwa sala. Greda likapita wiki ileile, likang'oa kile kisiki cha katikati.

Mvua zikaja. Mti mkubwa ulikuwa nje ya barabara, haukuguswa, ukatoa majani. Kabula akanipigia simu: "Njoo uone mti wako."

Kati ya kila jozi ya vijani kulikuwa na kinundu kidogo chenye ncha. Mlundalunda hauna vinundu hivyo. Baadaye ukazaa maganda mafupi, yamebonyea kati ya mbegu. Ya mlundalunda ni ya mviringo kama bomba, marefu kama mkono wa mtu.

Ulikuwa mhumba. Mlundalunda wa mama ulikuwa kile kisiki.

Nilichojifunza: usiutambue mti kwa maua wala kwa ukubwa. Subiri majani na maganda. Na kama hujui, sema hujui, hata wajomba wakicheka.

Waliowahi kuhamisha makaburi yasiyo na alama, andikeni hapa mlifanyaje. Hata mkinisema, nitasoma.

Mama yuko chini ya lami, malori yanapita juu yake. Kabula hakuwahi kuijua sura ya mama, alikuwa na kaburi tu. Nimempotezea hilo, na sasa simu zangu hapokei.