Siku Mchumba Wangu Alipomkatalia Baba

Baba yangu aliendesha lori maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, akiwa nyumbani kwetu katika mtaa wa Fedha, alijipa kazi nyingine: kutazama video za sayansi kwenye simu, sauti juu kabisa, kisha kutuhubiria.

Kaka yangu anaishi Kanada. Wakipigiana simu, sauti hufika imechelewa kidogo, basi wote wawili huanza kuongea kwa pamoja, halafu wote hunyamaza kwa pamoja. Jambo hilo lilimkera sana baba. Kwa hiyo alipokutana na video ya chembe zilizofungamana, akaona dawa imepatikana. Unazitenganisha mbili, moja hapa, nyingine ng'ambo. Ukiipima hii, jibu la ile linalingana na la hii papo hapo. Alitangaza mpaka kanisani kwamba karibuni tutaongea na Kanada kwa kasi inayoshinda ya mwanga.

Katika msimu huo ndipo nilipompeleka mchumba wangu nyumbani. Kwao ni Kakamega, na alikuwa akisomea fizikia chuo kikuu. Nilimwonya tukiwa bado kwenye ngazi.

"Baba akisema kitu, wewe sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema.

Hata sahani hazijajaa, baba alianza. Akaeleza chembe, akaeleza Kanada, kisha akamgeukia mgeni. "Wewe ndiye msomi. Si ni hivyo?"

Mchumba wangu alitafuna kuku muda mrefu kuliko kuku yeyote anavyohitaji. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Hapana, mzee," akasema. "Haiwezekani."

Baba akaweka kijiko chini. Mama akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli jikoni.

"Kulingana zinalingana, hapo mzee umesema kweli," akaendelea, jasho likimtoka. Akachomoa sarafu mfukoni, ile ya simba upande mmoja na ngao upande wa pili. "Tufanye hii imefungamana na nyingine aliyo nayo mama jikoni. Hapa ikianguka simba, na kule ni simba. Sasa mtumie mama ujumbe: simba maana yake lete chai, ngao maana yake usilete. Rusha."

Baba akarusha. Ngao.

"Lakini mimi nataka chai," akasema.

"Huwezi kuchagua, mzee. Inaanguka inavyotaka. Ukiilazimisha kwa kidole iwe simba, umeshavunja kifungo, ya mama haitaifuata tena."

"Na yeye huko ameona ngao."

"Ameona. Amejua nini?"

"Sijajua kitu!" mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Mnataka chai au hamtaki?"

Niliangua kicheko. Baba hakucheka. Aliigeuza ile sarafu mkononi, akauliza kama wakirusha mara nyingi mama hatagundua lolote. Akajibiwa kwamba mama ataona simba na ngao zimechanganyika tu. Kujua zimelingana na za hapa, mpaka mtu amwambie, kwa simu au kwa mdomo, na maneno hayo hayawezi kuupita mwanga.

"Kwa hiyo kijana wangu nitaendelea kumsikia amechelewa," baba akasema polepole. Nikamhurumia.

"Huko kuchelewa kwingi ni kwa mitambo ya simu, mzee. Mitambo inaweza kuboreshwa."

Chai ilikuja, tukainywa. Nilimsindikiza mgeni mpaka chini ya ngazi.

"Nilijaribu kusema ndiyo," akaniambia. "Mdomo ukakataa."

Nikarudi ndani nimejiandaa kumtetea. Baba alikuwa dirishani, anamtazama akivuka barabara.

"Hata pasta hajawahi kunikatalia mezani pangu," akasema. "Mwambie aje tena Jumapili ijayo. Kuna mambo ya shimo jeusi la angani sijayaelewa."