Mkunga wa Temeke na Cherehani ya Samaki

Mwaka wa hamsini na nne, Auleria alikuwa mkunga katika zahanati moja ya Temeke. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye miaka thelathini na minane na kicheko kilichosikika hadi nyumba ya tatu. Alikuwa amezalisha watoto wengi sana hivi kwamba kila akipita njiani, akina mama walimsimamisha wamwonyeshe meno mapya ya wanao. Lakini habari za bahari hakuzijua. Yeye samaki alimfahamu akiwa chunguni.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa anarudi kutoka Kurasini kumtazama mzazi, akakatiza ufukweni. Pale alimkuta Mgoa mmoja amekunja suruali hadi magotini, ameshika ufito mrefu wenye gurudumu dogo la chuma lililozungushiwa mshipi. Yule bwana akaupeleka ufito nyuma ya bega, akaurusha mbele, na gurudumu likalia vuuuu! Chubwi, lile donge la risasi la kuzamishia ndoana, likapaa, likaenda, likazidi kwenda, likatumbukia mbali kabisa katikati ya maji.

Auleria akapiga kigelegele palepale, peke yake, na mkoba wa kazi mkononi.

"Tena, bwana! Tafadhali, tena!"

Yule Mgoa akacheka, akatupa tena. Alitupa mara sita, na mara zote sita akapigiwa kigelegele.

Jumatatu Auleria alikuwa mjini, dukani kwa Bwana Jivan, Mhindi aliyeuza nyavu na ndoana. Bwana Jivan akampangia magurudumu matatu juu ya meza. Auleria akalirukia lile kubwa kuliko yote, linalong'aa kama sinia la harusi.

"Hilo ni la kuvulia papa, ukiwa chomboni," akasema Bwana Jivan. "Zito hilo, mama. Kulianzisha kazi, kulisimamisha kazi. Na hili dogo, mshipi wake ni mfupi, samaki ataumaliza kabla hujapiga chafya. Hebu shika hili la kati. Dole gumba lako linaufikia mshipi bila kujinyoosha?"

Auleria akajaribu. Dole likatulia juu ya mshipi kama lilizaliwa pale.

"Basi ni lako. Ukikilaza hiki kishikizo, gurudumu linakuwa huru. Ukikisimamisha, limeshika. Hii nyota ya pembeni ni breki: samaki akivuta kwa nguvu, inamwachia mshipi kidogo kidogo usikatike. Mengine yote ni dole gumba."

"Dole gumba tu?"

"Utaona," akasema Bwana Jivan, na akatabasamu kwa namna ambayo Auleria hakuielewa mpaka siku ya pili yake.

Siku hiyo alikwenda kwenye uwanja wa mpira akiwa na ufito wake wa mwanzi, chubwi bila ndoana. Akalaza kishikizo, akarusha kwa nguvu zake zote, akaachia dole. Chubwi lilifika hatua kumi likasimama, lakini gurudumu halikuwa na habari, likaendelea kuzunguka na kutema mshipi mpaka ukafura mikononi mwake kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Alikaa chini saa nzima akifumua. Akarusha tena. Safari hii aliachia mapema mno, chubwi likapaa wima juu ya kichwa chake. Golikipa wa timu iliyokuwa ikifanya mazoezi akalitazama linavyorudi, akaliacha goli lake na kukimbia. Mpira ukaingia. Kukazuka ubishi kama goli lihesabiwe, na Auleria akacheka mpaka akashika mbavu.

Jirani yake, Mzee Mwishehe, alikuwa amevua kwa mshipi wa mkono tangu zama za Mjerumani. Jioni akaja barazani kukitazama kile chombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkunga. Hii cherehani yako inashona nini?"

"Inavua samaki, mzee wangu."

"Samaki wapi! Samaki ataisikia toka Unguja."

Jina likashika. Mtaa mzima ukaiita cherehani ya samaki. Na Mzee Mwishehe kila siku alipita, akadharau, akaondoka, akarudi kudharau tena.

Alhamisi moja Auleria alitoka kazini mchana, akasikia Bi Zuena, mke wa mzee, anacheka uani kwa sauti ya kupasuka. Akaingia mbio. Mzee Mwishehe alikuwa amesimama katikati ya ua, mshipi umemzunguka shingo, mikono na mguu mmoja, kofia imening'inia kwenye ncha ya ufito wa Auleria.

"Mfungue basi, Bi Zuena!" akasema Auleria.

"Simfungui! Aseme kwanza alikuwa anafanya nini."

Mzee akasema polepole, "Nilikuwa nashona kidogo."

Wote watatu wakaanguka kwa kicheko, naye mzee akaanguka kweli, maana mguu ulikuwa umefungwa.

Tangu siku hiyo Auleria na mzee walijifunza pamoja uwanjani. Mzee alijua kurusha. "Usiutupe kama unafukuza mbwa," alisema. "Uache ufito uvute chubwi wenyewe, taratibu, kisha mwishoni ndipo uongeze." Lakini dole lilimshinda, ama alibana mno, ama aliachia mno. Auleria akarusha kama alivyoambiwa, na safari hii mkono wake ukakumbuka kitu. Kichwa cha mtoto kinapotoka hukizuii, wala hukiachi kichomoke. Unakigusa tu, kinakuja. Akaugusa mshipi hivyo hivyo. Vuuuu! Chubwi likavuka uwanja mzima, na dole likabonyeza pale pale chubwi lilipogusa ardhi. Mshipi ukalala kimya, umenyooka.

"Lahaula!" akasema mzee. "Nifundishe, mwanangu."

Jumapili iliyofuata walishuka pwani ya Mtoni maji yakiwa yanajaa. Auleria akatupa na chambo cha dagaa. Hata hajapangusa jasho, ufito ukainama na breki ikalia kwa ukali. Kolekole! Akaanza kucheka, na kadiri samaki alivyovuta ndivyo alivyozidi kucheka.

"Usicheke, zungusha!" akapiga kelele mzee, ameingia majini na kanzu yake. "Mwache aende! Sasa zungusha!"

"Pumua, Auleria," akajiambia kwa sauti ya kazini. "Pumua. Bado kidogo. Anakuja, anakuja!"

Akaja. Alikuwa kolekole wa fedha, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mzee akamkumbatia kifuani akatoka naye majini anapiga takbira. Walimbeba mpaka Temeke wakipokezana, na kwa kila aliyeuliza, samaki aliongezeka shubiri moja.

Jumapili ya baada ya hapo, Auleria na waumini wenzake walipotoka kanisani walimkuta Mzee Mwishehe amesimama mlangoni na kanzu iliyopigwa pasi, ufito begani, kikapu cha chambo mguuni.

"Padri wenu anasema sana," akamwambia Auleria. "Maji yanatupita. Twende."