Gari lililopimwa kwa mwili wa mama

Kwii. Springi ya kitanda inalia chumba cha pili, kisha inanyamaza. Alfajiri bado, na mlio huo mmoja unatosha kumwambia Fundi Uzi kwamba mama yake ameamka. Yeye mwenyewe ameshavaa ovaroli. Ameketi kwenye kigoda cha jikoni, anafunga kamba za viatu.

"Umelala kweli wewe?" anauliza mama mtu, akiingia na shali mabegani.

"Nimelala, mama."

"Macho yako hayasemi hivyo." Anawasha jiko, anabandika birika. "Kunywa chai kwanza. Mtu hakimbizi gari na tumbo tupu."

Leo ni Jumapili. Gari la michezo ambalo Fundi Uzi na mdogo wake wa kiume wamelijenga kwa mikono yao nyuma ya nyumba litajaribiwa kwa kasi, kwa mara ya pili. Likienda sawa, litabaki. Likiyumba tena, litakatwa na kuuzwa vipande. Wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, ameshasema, na katika nyumba hii neno la wifi likishatoka halirudi ndani.

Fundi Uzi ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vidole vilivyokomaa kwa spana. Kazi yake ni alaimenti, yaani kuyaweka magurudumu ya gari yatazame mbele kwa pamoja, ili gari lisivute upande na tairi zisiliwe. Wenzake wana mashine za taa. Yeye ana nyuzi mbili za nailoni, vigoda vinne vya chuma na rula. Huvuta uzi ubavuni mwa gari, kulia na kushoto, kisha hupima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa gurudumu.

"Jina langu la kuzaliwa wamelisahau hata walionipa," anamwambia mwanahabari aliyekuja kushuhudia jaribio, na mama yake anaguna.

Siku njema hupata magari manne au matano. Siku mbaya hushinda akipangusa vigoda. Kuna dereva mmoja mzee wa teksi ambaye hupita kila mwezi na kuomba apimiwe gari lisilo na tatizo lolote. "Anasema tairi zinamtia wasiwasi," anasimulia Fundi Uzi. "Tairi zake hazina neno. Ila anazijua siku zangu mbaya kuliko ninavyozijua mimi."

Mdogo wake ni mchomeaji vyuma. Ndiye aliyelinunua gari lile likiwa kwenye makasha: mabomba ya chesisi, bodi ya fiba, na viti viwili vyembamba. Injini waliitoa kwenye gari lililopata ajali. Miaka mitano, jioni baada ya kazi, walikuwa wakilifunga kipande kwa kipande.

"Kamba yangu ya kuanikia nguo imehamishwa mara tatu kumpisha huyo mjukuu wa chuma," anasema mama mtu. "Na liko chini kama kiatu. Hulipandi. Unalivaa."

Mwezi uliopita walilipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo, ambao wapenzi wa magari ya kujijengea huruhusiwa kuutumia Jumapili asubuhi. Mdogo mtu ndiye aliyeshika usukani. Mwendo ulipofika kama kilomita mia moja na ishirini kwa saa, akapita juu ya tuta dogo la lami iliyofura. Mkia ukaruka kushoto. Akaurudisha, ukaruka kulia. Gari likazunguka kama pia na kuishia majanini.

"Nyuma ilitaka kutangulia mbele," anasema mdogo mtu. Hakuumia hata ukucha. Lakini alishuka, akampa mkewe ufunguo, na tangu siku ile hakukaa tena kwenye kiti kile.

Habari zilifika gereji anakofanyia kazi Fundi Uzi kabla ya gari. "Fundi Uzi!" akapaza sauti muuza tairi wa jirani. "Nasikia gari la nduguyo limekataa kusoma rula yako!"

"Utani haukuniuma," anasema Fundi Uzi. "Kilichoniuma ni kwamba alaimenti niliifanya mimi, nayo ilikuwa sawa. Nikapima tena baada ya lile balaa, bado iko sawa. Sasa kama uzi unasema kweli, na gari nalo linasema kweli, mwongo ni nani?"

Wifi hakuwa na haja ya jibu. "Mimi nataka mume," alisema. "Sitaki picha yake ukutani." Baada ya kubembelezwa sana akakubali jaribio moja tu, kwa sharti kwamba mumewe asiendeshe.

"Basi nitaendesha mimi," akasema Fundi Uzi.

Mama yao ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Ila ukifa, nitakuchapa."

Siku nyingi zilipita bila jibu. Fundi Uzi alibadilisha shokomzoba za kupunguza mtikisiko, akabana kila nati, akapima hewa ya tairi hadi mdogo wake akamwambia ataimaliza yote kwa kuipima. Halafu, mchana mmoja wa joto, mama yao alimpelekea maji ya kunywa kwenye banda la gari, nyuma ya nyumba. Magoti yalikuwa yanamsumbua na hakukuwa na pa kukaa. Akajiingiza taratibu kwenye kiti cha dereva.

Fundi Uzi alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, jicho kwenye uzi.

"Nani amegusa uzi?"

"Hakuna aliyegusa. Mimi nimekaa tu, miguu inaniuma."

"Mama, hebu shuka kidogo."

"Jamani! Nimevunja?"

"Shuka tu, mama."

Mama akashuka. Gurudumu likarudi mahali pake.

"Panda tena."

"Wewe mtoto, hili ni gari au ni bembea?"

Lakini akapanda. Nyuma ya gari ikadidimia kidogo, na magurudumu yale mawili, yaliyokuwa yakitazama mbele kwa adabu, yakageuza nyuso zao nje, kila moja na njia yake. Fundi Uzi akakaa chini kwenye sakafu, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Magari aliyozoea kupima ni mazito. Mtu mmoja akikaa, hayajali. Hili halifiki hata kilo mia sita, na dereva hukaa karibu na magurudumu ya nyuma. Yeye alilipima likiwa tupu, kama alivyopima magari yote maishani mwake. Na kulikuwa na kosa la pili. Sikio la chuma linaloshika mkono wa gurudumu la nyuma lilichomewa juu kuliko linavyotakiwa, upana wa kidole tu, kulia na kushoto. Kwa hiyo kila gurudumu lilipopanda au kushuka, lilipinda. Kwa mwendo wa pole huwezi kuliona. Kwa kasi, kila tuta linakuwa usukani wa pili usioshikwa na mtu.

"Nikamwita mdogo wangu," anasimulia. "Nikamwambia, mimi nimepima gari tupu, wewe umechomea juu. Kosa letu tugawane, kila mtu achukue nusu yake."

"Nusu yako ni ndogo, dada," mdogo mtu alimjibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu lile balaa. Kesho yake akayakata masikio yote mawili na kuyachomea upya, chini, na hakuwasha moto mpaka dada yake alipohakikisha alama kwa rula.

Likabaki swali moja. Gari sasa lilitakiwa lipimwe dereva akiwa ndani, na dereva ndiye mpimaji. Hawezi kukaa kitini na kuchuchumaa nyuma kwa wakati mmoja.

"Mimi na wewe tunaazimana magauni tangu usichana wako," alisema mama yake. "Nitakaa mimi."

Wakaenda kwa muuza nafaka wa kona, wakapanda kwenye mizani yake ya magunia, mmoja baada ya mwingine. Walilingana kama mapacha. Muuza nafaka hakucheka wala hakuisoma mizani kwa sauti. Alimshika mama mkono wakati wa kushuka, basi.

Mama alikaa kitini jioni mbili, akifuma sweta, huku binti yake akizungusha nati na kupima, kuzungusha na kupima. Jioni ya pili wifi aliingia bandani bila salamu, akampachika mama mkwe wake mto mgongoni.

"Wifi, mto nao una uzito," akasema Fundi Uzi.

"Basi siku hiyo na wewe ukae nao," akajibu wifi, akatoka.

Sasa jua linachomoza juu ya uwanja wa ndege. Mlinzi wa uwanja ameshafagia kokoto zote barabarani, ingawa hakuna aliyemwomba. Mdogo mtu anakagua nati alizokwisha kuzikagua nyumbani. Wifi amesimama kando, mikono kifuani. Mama amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuzi za sweta mapajani, na hafumi.

Fundi Uzi anavaa kofia ngumu, anafunga mkanda. Mto wa wifi uko mgongoni mwake.

Mzunguko wa kwanza anakwenda pole. Wa pili anaongeza. Wa tatu anakanyaga, na upepo unaanza kupiga kelele masikioni. Mia. Mia na kumi. Mia na ishirini. Mbele yake lile tuta la lami linakuja mbio, na anajisikia ameshika usukani kama mtu anayening'inia kwenye tawi. Anailegeza mikono kwa makusudi.

Gari linadidimia, linainuka, linaendelea na safari. Sawa, kama uzi uliovutwa.

Anaporudi na kuzima injini, mdogo wake amekwisha kushika mlango.

"Nipe na mimi."

"Hapana."

"Dada! Umeliona lilivyokwenda!"

"Hili limepimwa kwa mwili wa mama. Wewe una tumbo lako. Kesho uje ukae, tukupime."

Wote wanamtazama wifi. Anautoa mto kitini, anaukung'uta taratibu. "Akikaa yeye, huu hautamtosha," anasema hatimaye. "Nitashona mkubwa zaidi."

Wajenzi wengine wawili waliokuwepo uwanjani wameshamfuata Fundi Uzi, wakimwomba awapimie magari yao, wao wakiwa ndani. Anafikiria kutenga kona ya banda kwa kazi hiyo tu. "Na kiti cha kukalia wanaosubiri," anasema. "Mama asije akapanda tena kwenye gari la mtu kwa kukosa kiti. Ingawa safari hii nashukuru."

Mama ameokota nyuzi zake na kuanza kufuma. Anamtazama mwanahabari kutoka kichwani hadi viatuni, bila haraka.

"Una kilo ngapi, mwanangu?"

Anaambiwa.

"Unafaa," anasema. "Kiti cha abiria bado hakijapimwa, na mimi nimechoka kukaa. Alhamisi jioni njoo tena. Chai utaikuta, ila uinywe baada ya kupimwa."