Tawi la Njia Panda

Enzi zetu kutembea hakukuwa na jina. Ulitoka nyumbani, ukafika ulikokuwa unakwenda, basi. Hakuna aliyekupongeza. Leo kutembea kuna jina la Kizungu, kuna viatu vyake, kuna suruali yake yenye mifuko mpaka magotini, kuna mkoba wenye mrija wa kunyonyea maji kama mtoto wa chupa, na kuna saa ya mkononi ya kukuhesabia hatua usije ukasahau kwamba umetembea. Nayasema haya nikiwa mezani kwangu hapa Al Qusais, karatasi tupu mbele yangu na kalamu mkononi, kwa sababu binti yangu Mkamburi ameniomba nimchoree njia.

Mkamburi ana miaka ishirini na miwili. Kazaliwa hapa hapa Dubai. Kwetu Taita amekwenda mara mbili tu, na zote mbili alifikishwa kwa gari hadi mlangoni pa nyumba ya marehemu mamangu, anakokaa sasa kaka yangu Mghanga. Desemba hii anakwenda peke yake, na anataka kuitembea ile njia ya kutoka nyumbani kushuka bondeni, kuvuka mto na kupanda hadi shule niliyosoma. Kosa ni langu. Nimemringia njia hiyo tangu nikimbeba mgongoni. Kila aliponung'unika kwamba stesheni ya metro iko mbali, nilimwambia, "Wewe unajua kutembea? Sisi ndio tulitembea!" Juzi akanijibu, "Haya mum, yalla, chora basi. Nikaione."

Vifaa ameshanunua. Ana fimbo mbili za chuma chepesi, za kurefusha na kukunja, alizozipata kwenye duka la mall ambako ghorofa ya juu watu wanatembea juu ya mashine, jasho linawatoka, na saa nzima hawajafika popote. Fimbo mbili! Mtu ana miguu miwili mizima, anajiongezea mingine miwili kama mbuzi. Nyanya yangu alifariki akiwa hana jino hata moja kinywani, naye alikuwa na fimbo moja tu, na hiyo ilikuwa ya mbwa wa jirani.

Sisi tulikuwa tunaondoka umande ukiwa bado majanini, mimi na Mghanga na watoto wa jirani, miguu mitupu. Chakula chetu kilikuwa kimanga cha jana, maharagwe na muhogo vilivyopondwa pamoja, kila mmoja na tonge lake ndani ya jani la mgomba. Ole wako ulimalize kabla ya mto, maana ng'ambo kulikuwa na mwinuko usiotaka mchezo na tumbo tupu. Jumatatu tulibeba kuni. Ijumaa tulibeba samadi ya ng'ombe ya kukandikia sakafu za madarasa, na ukijikwaa nayo kichwani ulifika shuleni ukiwa umekwisha kukandikwa wewe.

Mtoni palikuwa na mawe saba ya kuvukia, na kila jiwe lilikuwa na jina lake. La kwanza liliitwa Mlango. La tatu Kinyonga, kwa kuwa lilisitasita chini ya mguu kabla ya kutulia. La tano liliitwa Mwalimu, kwa sababu hapo ndipo mwalimu wa hesabu alipoanguka na koti lake na madaftari yetu yote, na wiki hiyo hakuna aliyechapwa kwa kukosa jibu. Tukirudi tulichuma mapera mabichi yakatufunga choo, tukaserereka mteremkoni juu ya magamba ya mgomba mpaka sare zikatoboka nyuma. Mama alitutia viraka na makofi kwa wakati mmoja.

Kabla ya mto palikuwa na njia panda. Njia moja ilikwenda kwenye mawe, nyingine ilikwenda juu kidogo, palipokuwa na gogo. Mvua ikinyesha milimani, mojawapo ilikuwa ya kufa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kupita asubuhi alishuka akatazama maji, akarudi, akavunja tawi bichi na kulilaza kukingama njia mbaya. Ukilikuta tawi, hupiti. Huulizi nani kaliweka. Likiwa bichi ni habari ya leo, likiwa limenyauka ni habari ya zamani, katazame mwenyewe. Mama alikuwa akisema, "Anayetangulia ndiye macho ya anayefuata." Hatukuwa na ramani wala simu, na katika miaka yote ile mto haukumchukua mtoto hata mmoja wa upande wetu.

Sasa niwaambie ya Ufaransa. Nina miaka kumi na minne ya kazi kwa familia moja kule Al Twar. Madam ni Mlebanoni, sir ni Mfaransa, na joto la Julai likianza wanafunga nyumba kama wafanyavyo wengi hapa, wanakwenda kwao sir, na mimi nakwenda nao kuangalia watoto. Kwa hiyo Ufaransa naijua, ile ya shamba. Sikatai, ni pazuri. Kuna bonde lenye mto wa kijani unaokwenda polepole kama mtu asiye na kazi, jina lake linatamkiwa puani na mimi nimeliacha huko huko puani. Kuna alizeti, kuna mizabibu, kuna vijiji vya mawe vilivyokaa juu ya majabali. Lakini vituko! Watu wazima na akili zao wanatoka kijiji hiki kwenda kile kwa miguu siku tano, huku mabegi yao yakitangulizwa kwa gari. Gari lipo, linakwenda huko huko, na wao wamekataa kupanda. Tena kila baada ya hatua kadhaa mti umepakwa rangi nyeupe na nyekundu, ili ujue kwamba njia uliyomo ndiyo ile ile uliyokuwamo.

Julai iliyopita tulikuwa kwenye njia hizo, mimi mbele na watoto wawili, madam na sir nyuma wakipiga picha kila ua. Wamevaa kila kitu, fimbo mbili mbili, ramani shingoni, simu yenye sauti ya kuelekeza. Tukafika njia panda. Mti wenye rangi ulikuwa umeanguka, na bibi mmoja aliyekuwa akianika nguo akanionyesha kwa mkono: kijijini ni kulia, kushoto ni msituni. Nikavunja tawi bichi, nikalilaza vizuri kukingama kushoto, nikaendelea zangu. Tulifika kijijini, watoto wakala aiskrimu, wakamaliza, wakalala begani kwangu. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mwishowe madam na sir wakaletwa juu ya trekta la mkulima, wekundu kama nyanya.

"Hukuliona tawi, madam?" nikamuuliza.

"Nililiona," akasema. "Nikalitoa, mtu asije akajikwaa."

Nilicheka moyoni mpaka Dubai. Nilipofika nilimsimulia Mkamburi kwenye meza hii hii, nikamwigizia madam juu ya trekta, nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Lakini mum," akasema, "hata mimi ningelitoa."

"Wewe? Mtaita?"

"Tawi si ni tawi tu? Nani alishawahi kuniambia?"

Nimemfundisha mtoto huyu kuvuka barabara ya njia sita. Nimemfundisha kusema inshallah na asimaanishe chochote. Siku zote nilimwambia kwamba tulitembea, nikamcheka kwamba hajui, ila namna tulivyotembea sikuwahi kumwambia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wangu nilimwachia ulimwengu wa viyoyozi. Liliniuma, na linaniuma hadi sasa.

Ndiyo maana leo nimeishika kalamu kwa dhati. Nimechora nyumba. Nimechora shamba la migomba. Hapo mkono ukagoma. Baada ya migomba unakata kushoto, au unashuka kwanza? Nimempigia Mghanga.

"Njia gani hiyo, dada?" akacheka. "Hiyo ilikufa kitambo! Watoto wanapitia juu barabarani, ni boda tu mpaka getini pa shule. Huko chini hata mimi sijashuka tangu tumzike mama. Ni miiba na magugu mpaka shingoni."

"Na mawe?"

"Mawe gani?"

"Kinyonga. Mwalimu."

"Mwalimu nadhani bado liko," akasema. "Hayo mengine sijui, dada."

Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka likizo yangu ya mwisho. Nilikuwa nyumbani wiki tatu. Nilikwenda kuiona shule yangu ya zamani, na nilikwenda kwa boda, kwa barabara ya juu, nikiwa nimeshikilia mkoba nisiuchafue. Bondeni sikutupa hata jicho. Wale Wafaransa niliowacheka wana mtu anayepita kila mwaka na kopo la rangi na mkasi wa kukatia matawi. Njia ya mamangu ilikuwa na miguu yetu tu, na miguu yetu tuliiondoa wenyewe, mmoja akaenda Mombasa, mwingine Nairobi, mimi huku. Enzi zile njia ilikuwa na majina mpaka kwenye mawe yake, wala hatukudhani tuna kitu. Leo watu wanavuka bahari kutafuta kijia cha kando ya mto, na sisi tuliokuwa nacho tunawachekelea.

Mkamburi amerudi kutoka kazini sasa hivi. Ameinama juu ya karatasi: nyumba, migomba, mstari mfupi, halafu tawi moja limelazwa kukingama.

"Ni hii tu, mum?"

"Ni hiyo tu. Iliyobaki iko miguuni, si kwenye kalamu. Nitamwomba madam ruhusa ya Desemba. Mjomba wako atatuazima panga, tuifyeke pamoja."

Ameyatazama magoti yangu. Anajua kwamba kwenye metro mimi ni mtu wa lifti. Lakini ameyarudisha macho kwenye karatasi, angalau hiyo adabu nilimfunza.

"Lete hapa hizo fimbo zako," nikamwambia.

Amezileta zote mbili. Amerefusha moja, akaipima kiunoni pangu, akaikaza.

"Hii yangu," nikasema. "Na ukicheka, nitakuchapa nayo."