Kiraka Nilichokikataa

Nikiwaambia watu kwamba nilifanya kazi ya kompyuta Arusha tangu enzi zile za soko huria, huniuliza kama nilikuwa nachapa barua. Nyoo! Sijachapa barua ya mtu mimi. Kazi yangu ilikuwa kutunza kompaila, yaani ile programu inayochukua maelekezo tuliyoandika sisi watu na kuyageuza kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Ukikosea kwenye programu ya kawaida, umeharibu programu hiyo moja. Ukikosea kwenye kompaila, umeharibu kila kilichopita ndani yake, na mwenye programu atajikagua mpaka achoke asione kosa, kwa sababu kosa si lake.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga kule Sombetini, sebule ndiyo karakana. Bosi alikuwa muuza vipuri. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua maziwa kwa wakulima, akanusa kitu. Kila mnunuzi alitaka kuweka kituo chake kando ya barabara, na wote walikuwa na hofu moja: maziwa yaliyotiwa maji. Bosi akaagiza chipu za bei ya kutupa, tukaanza kuunda kimashine cha kupima maziwa. Unamimina kikombe, unabonyeza. Taa ya kijani ikiwaka, yanapokelewa. Ikiwaka nyekundu, beba ndoo yako uende.

Shida ilikuwa memori. Chipu zile za bei ya kutupa zilikuwa na nafasi finyu, na programu yetu ilikuwa imejaa pomoni. Ndipo mwenzangu mmoja, fundi aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje, akaja na kiraka. Hivyo ndivyo tulivyoyaita mabadiliko madogo yanayobandikwa juu ya programu iliyopo. Kiraka chake kiliifanya kompaila itoe amri fupi zaidi kila inapogeuza namba kuwa jibu la ndiyo au hapana. Bosi akakichapisha kwenye printa yetu yenye kelele, akaniwekea karatasi mezani.

“Dada, kagua hiki haraka. Kesho mashine zinaondoka.”

Nikakaa nacho. Nieleze tu, si jambo gumu. Kanuni ya siku zote ilikuwa hivi: namba ikiwa sifuri, jibu ni hapana, namba nyingine yoyote, jibu ni ndiyo. Moja ni ndiyo, mbili ni ndiyo, mia ni ndiyo. Lakini ili ijue hivyo, mashine inabidi ijiulize kwanza kama namba ni sifuri, na swali hilo linakula nafasi. Fundi wetu akaona swali la nini. Akaiamuru kompaila itazame mkia wa namba tu, pale panapoonyesha kama ni witiri au shufwa. Witiri, ndiyo. Shufwa, hapana. Kwa sifuri na moja njia hiyo haina kasoro hata chembe. Lakini mbili je? Mbili ni shufwa, kwa hiyo mbili ingetoka hapana.

Na kipimo chetu kilikuwa kinatoa mbili! Sifuri kwa maziwa mabaya, moja kwa maziwa ya kawaida, mbili kwa maziwa mazito yenye mafuta mengi. Kwa maneno mengine, maziwa bora kuliko yote ndiyo yangewashiwa nyekundu. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni ya karatasi kwamba kiraka hiki ni halali pale tu kompaila inapokuwa na hakika kuwa namba haizidi moja, na hapa haina hakika, inabahatisha. Chini yake nikaandika: nimekikataa.

“Dada, nimekijaribu siku zote hizi, hakijakosea hata mara moja,” akasema fundi.

“Umejaribu kwa maziwa gani?”

“Ya dukani.”

Ya dukani! Ya pakiti, na unga wa kopo uliokorogwa kwenye sufuria. Hayo yatoe mbili kwa miujiza gani? Nikawaomba wanivumilie siku moja tu, nilete maziwa ya ng'ombe wa mama yangu, waone kwa macho yao taa itakayowaka.

Bosi akacheka. “Hapa ni ofisini, dada, si jikoni kwa mama yako. Tukichelewa, wateja wanaagiza za nje.”

Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika chini ya maneno yangu kwamba kiraka kimepita. Hivyo tu. Hakuna aliyejibu hoja yangu. Wangenijibu wakanishinda, ningenyamaza, lakini hawakunishinda, walinipita tu. Mpaka leo nikikumbuka, damu inachemka.

Mashine zikauzwa kwa wanunuzi wa mjini. Walikozipeleka hatukujua, na bosi hakutaka tujue.

Mama yangu alikuwa akiishi juu ya Maji ya Chai, mahali baba alipomwachia migomba na kahawa. Bei ya kahawa ilikuwa imeshaanguka, mibuni mingine imeng'olewa kupisha nyanya, kwa hiyo tegemeo lake lilikuwa ng'ombe mmoja, chotara, mwenye maziwa machache. Machache hasa kwa sababu ya mama mwenyewe. Kila asubuhi alimwachia ndama kwanza anyonye mpaka atosheke, ndipo naye avute kigoda akamue kilichobaki. Majirani waliohudhuria mafunzo ya ufugaji kule Tengeru walimtania kwamba anagawa faida. Yeye akawajibu kwamba ndama hana mama mwingine. Basi. Na kila mfugaji anajua, maziwa ya mwanzo kutoka chuchuni ni mepesi, ya mwisho ndiyo mazito. Ndoo ya mama haikujaa kamwe, lakini chai yake ilikuwa inaota utando wa mafuta kabla hujaipuliza.

Jumapili moja nikapanda kumsalimia, nikamkuta nyumbani saa ya ibada. Jamani, mama yangu! Mwanamke aliyekuwa akienda kanisani hata na homa, mweka hazina wa kina mama wa usharika.

“Shikamoo mama. Unaumwa?”

“Marahaba. Siumwi.”

Nikamchimba mpaka akasema. Kituo kipya cha maziwa kilikuwa kimefunguliwa barabarani, kina mashine. Binti anayepokea pale, ambaye mama mwenyewe alimfundisha shule ya Jumapili, alipima maziwa yake, taa ikawaka nyekundu. Akamwambia mbele ya foleni nzima: “Mama, mashine inasema umetia maji. Kesho njoo na maziwa, siyo maji.” Kesho yake nyekundu tena. Na kesho yake. Watu wakaanza kutazamana. Kanisani kina mama wakawa wananyamaza akiingia. Halafu wakamwambia kwa upole, ule upole unaokata, kwamba apumzike kidogo na uweka hazina, apewe mwingine.

“Mimi,” akasema mama. “Niliwahi kumtilia nani maji?”

Nilijua palepale ni kiraka kile.

“Mama, hiyo mashine inaweza kuwa imekosea.”

“Ikosee kwangu tu?”

Nikamwambia anipe chupa moja ya maziwa ya asubuhi, nami nitamletea jibu mbele ya watu wote waliomcheka. Alinitazama kwa namna ya mtu anayetaka sana kuamini. Jumatatu akanikamulia, akafunga chupa kwa kitambaa safi, akanisindikiza mpaka barabarani.

Sombetini niliingia hata bila kusalimia. Nikamimina kikombe kwenye mashine mbele ya bosi na mbele ya fundi, nikabonyeza. Nyekundu. Nikachota maji bombani, nikaongeza kidogo, nikabonyeza tena. Kijani! Fundi akafunika uso kwa mikono. Yeye angalau aliona haya. Bosi akasimama akafunga mlango.

“Nani mwingine anajua?”

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuuliza ni akina mama wangapi wamemwaga maziwa. Nikamwambia tuzirudishe mashine zote, tuandikie vituo kwamba kosa ni letu. Thubutu! Akasema tukifungua mdomo tumekwisha, mishahara imekwisha, na hakuna mnunuzi atakayetuamini tena. Tutarekebisha kimyakimya, zikija kwa matengenezo tutazibadilishia chipu.

“Na mama yangu?”

“Mama yako mpe pole.”

Nilimtukana. Siyarudii maneno hapa, lakini siyajutii. Kiraka nilikiondoa kwenye kompaila siku hiyo hiyo, kazi isiyozidi kikombe cha chai. Kilichonichelewesha ni kile kifaa cha kuandikia programu kwenye chipu, ambacho bosi alikifungia kabatini kwake. Leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa, mpaka mwezi ukapinduka. Mwisho fundi akakiiba kwenye kabati saa ya chakula, tukaandika chipu moja, akanipa. Nikaacha kazi mchana huohuo, nikapanda basi la kwenda Maji ya Chai. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba yangu. Nitasimama katikati ya foleni. Nitaifungua ile mashine kwa mikono yangu, nitawaambia nani mwongo.

Jioni mama alikuwa mchangamfu kidogo. Nikasema moyoni nitamweleza asubuhi, njiani, ili furaha imkute karibu na kituo. Asubuhi nikamfuata bandani. Ndama alikuwa ameshanyonya, mama ameshakamua. Akainuka kwenye kigoda, akachota kikombe cha maji kwenye pipa, akakimimina kwenye ndoo ya maziwa, akakoroga. Alifanya taratibu, kwa mkono uliokwisha kuzoea.

“Mama! Unafanya nini?”

Hakushtuka. “Siku hizi yanapokelewa. Jirani alinionyesha. Hata wao wanafanya, kikombe kimoja tu, taa inawaka kijani.” Akafuta ukingo wa ndoo. “Nilikusubiri, mwanangu. Nikaona huji.”

Yakanitoka yote kwa mkupuo: kiraka, mbili inayogeuka hapana, bosi, kabati. Nikamwonyesha chipu kwenye kiganja changu. Nikamwambia maziwa yake yalikuwa bora kuliko ya watu wote pale, ndiyo maana yalikataliwa, na leo hii nitawaambia mmoja baada ya mwingine.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa tena kwenye kigoda.

“Utawaambia sikutia maji.”

“Ndiyo, mama.”

“Wataniuliza, na haya yanayopita siku hizi? Niwajibu nini?”

Nikaitazama ile chipu kiganjani.

“Ulipokuja mara ile nilikuwa na la kusema,” akasema. “Sasa sina. Kaweke hiyo chipu yako kama lazima uiweke, wengine wasije wakaaibishwa. Lakini mimi usinitaje.”

Nilimsihi. Nikamwambia amwage yale, tungoje maziwa ya kesho, aende na yaliyo safi. Akasema amechoka kutazamwa. Akajitwika ndoo, nikamfuata nyuma, nikimlaani bosi kila hatua na machozi yakinitoka njiani kwa watu.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu, na chipu ilikuwa bado mfukoni mwangu. Binti yule akatuamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, shikamoo dada, akachota kikombe, akabonyeza. Taa ikawaka kijani. Akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, tena kwa nia njema kabisa:

“Unaona sasa, mama? Tangu uache kutia maji, mbona yanapita vizuri tu!”

Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Mama akainamisha kichwa.

“Asante, mwanangu,” akasema, akapokea ndoo yake tupu.