Kitale walinionyesha video ya store yangu ikiungua, wakasema nimeuawa

Wakuu, salamu. Hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwa ndani ya ukumbi wa video. Anayetaka kubisha abishe, lakini amalize kusoma kwanza.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, wakati wa zile vita za mashamba. Mimi ni mtu wa Bumula, ila nilikuwa nanunua mahindi Kitale na nimepanga chumba kwa Baba Chebet. Watu wake na watu wangu ndio walikuwa wanachomeana nyumba. Sisi wawili tuligombania bei ya maziwa tu.

Jumamosi moja mchana, vijana wa upande wetu wakatuita kwa video. Kiingilio bure.

Hapo tu ningeshtuka. Kitale hakuna bure.

Kanda ikawekwa. Store inaungua, watu wanakimbia, kilio kila mahali. Kijana aliyeileta akaeleza ati hiyo ni wiki iliyopita, tumevamiwa, na mwenye store amefia humo ndani. Tukitoka hapo, akasema, tunaenda moja kwa moja kwa Baba Chebet kulipiza.

Nikaangalia ile store. Nikaangalia tena, maana mimi hata chenji nahesabu mara mbili.

Ilikuwa yangu.

Iliungua Bumula mwaka uliotangulia, na lililoichoma ni jiko langu mwenyewe. Jirani alikuwa na harusi siku hiyo, mpiga video wao akakimbilia moto na kamera yake. Kile kilio hakikuwa kilio. Kelele ilikuwa mimi natukana.

Nikasimama. "Huyo marehemu ni mimi."

Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Keti, mzee, umelewa."

"Rudisha nyuma. Hapo. Huyo amebeba baiskeli, angalia koti."

Nilikuwa nimelivaa hata hapo ukumbini. La mtumba, mkono mmoja nimeshonea kitambaa cha kijani baada ya ule wake kuchanika.

"Na hao nyuma wa gauni za zambarau ni maids wa harusi. Ama siku hizi adui anavamia na maids, bana?"

Wakarudisha mara mbili. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu kwake. Mwenye kanda akaniuliza polepole nimelipwa ngapi. Nikamwambia bado, ataje bei.

Jioni nilimweleza Baba Chebet. Akaniongezea kikombe cha maziwa. Cha bure cha kwanza, na cha mwisho.

Baadaye nikasikia kanda iko Tongaren. Nikaenda na koti langu. Store inaungua vilevile, lakini pale penye baiskeli na maids pamekatwa.

Nikasimama hata hivyo.

Nilichojifunza: kabla hujashika kiberiti, uliza aliyeshika kamera alikuwa ametoka kupiga nini.

Kama na wewe uliwahi kuitiwa video ya bure miaka hiyo, upande wowote, tuambie hapa chini ulionyeshwa nini. Koti bado ninalo.