Kundi Lisilo na Salamu

Kambini Tanzania tulikaa mlango kwa mlango, mimi na rafiki yangu. Mama yake ndiye aliyenilisha siku ambazo kwetu chungu hakikuinjikwa. Amani ilipokuja nchini kwetu, kila ukoo ulifuata shamba lake: wao Mwakiro, upande wa Muyinga, sisi Gishubi, upande wa Gitega. Baadaye tajiri mmoja kutoka Kivu ya Kusini alifungua studio mbili za kadi za harusi na matanga, moja Gitega, nyingine Muyinga, akatuajiri sote. Rafiki yangu alipokea wateja kule Muyinga na kutuma picha na maelezo kwenye kundi la simu, mimi nikachora huku Gitega.

Kila asubuhi tulianza na salamu, tena ndefu: umeamkaje, mvua imenyesha, mama hajambo? Naye hujibu, "Hajambo, anakusalimu." Siku moja sahihisho la tarehe lilizama katikati ya salamu hizo, nikalipita, na wageni wa harusi wakafika Jumapili kukuta makombo ya Jumamosi. Tajiri aliwaka.

"Kuanzia leo hakuna bonjour, hakuna muko aje," alisema. "Mu groupe iko kazi tu!"

Makosa yaliisha, siwezi kumnyima haki yake. Mwanzoni tulisalimiana pembeni, halafu kazi zikatumeza. Kundi likabaki picha, maelezo, "sawa". Hata mbuzi wakikutana hunusana kwanza, lakini sisi, wapi.

Ndipo ikaja kadi ya kuondoa matanga. "Ukubwa wa kawaida. Fremu nyeusi. Toa ukuta wa nyuma. Jina litafuata." Nilifungua picha ya bibi mkavu mwenye kilemba, nikaanza kufuta ukuta taratibu kuzunguka uso wake. Nilipofika chini ya sikio nikaona kovu la moto. Nililijua kovu lile. Aliungua kule kambini, siku alipokuwa akituepulia maharage, mimi na mwanawe tukigombea ukoko wa ugali. Ugonjwa ulikuwa umemkausha hata nisimtambue, na sasa alishazikwa.

Nilimpigia rafiki yangu huku nalia. Nilikuwa na hasira naye, na tajiri, na simu yenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Kundi ni la kazi," alisema. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka tu. "Hakukusahau, ndugu yangu. Kila jioni nikirudi aliniuliza, yule mwanangu wa Gitega hajambo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hajambo, anakusalimu."